Bakuli la Siku Moja

Mwalimu Yasuhara Teiji alikuwa na maneno matano. Aliyaandika mwenyewe kwa rangi nyeupe kwenye ubao mrefu, akautundika karakana juu ya mashine ya kukerezea: TAZAMA. ULIZA. CHORA. UNDA. JARIBU. Chini yake, kwa herufi ndogo, kama mtu aliyekumbuka jambo akiwa ameshashuka ngazi, aliongeza: halafu rudi mwanzo. Kwa miaka thelathini na moja wanafunzi wa mwaka wa tano wa chuo cha ufundi cha Kurotani walifanya kazi chini ya ubao ule, na sijui hata mmoja aliyemaliza bila kuuchukia walau kwa muhula mmoja.

Hakuwa profesa. Maprofesa walikuwa ghorofa ya juu na tai zao. Yeye alikuwa fundi wa karakana, mfupi, mkavu wa maneno, mwenye mikono iliyouzidi mwili wake, na alikabidhiwa miradi ya kumalizia chuo kwa sababu kila mwanafunzi aliyekwama huko juu aliishia kushuka kumwuliza yeye. Ukimpelekea mchoro uliokesha ukiuchora, anautazama, anaugeuza, anatazama nyuma palipo patupu, kisha anauliza:

"Umemwona mtu mwenyewe atakayekitumia?"

"Nimempigia simu, Mwalimu."

"Sikukuuliza habari za simu."

Basi, umekwisha. Unakunja mchoro wako, unavaa koti, unaondoka kwenda kumtazama mkulima wa watu akipanda ngazi za shamba lake, hata kama theluji inakufika magotini. Ukirudi umeganda pua, ndiyo kwanza anakupa chai. Watu walimlalamikia sana Yasuhara, lakini vitu vilivyotoka mikononi mwa wanafunzi wake vilitumika. Ukipita vijiji vya bonde lile utavikuta hadi leo.

Nyumbani alikuwa na mkewe, Sawae. Watoto hawakujaliwa. Sawae alifanya kazi miaka ishirini na sita katika kiwanda cha fremu za miwani, kitengo cha kung'arisha, na alikuwa na ulimi, jamani! Mume hasemi, yeye anasema kwa niaba ya wawili. Alimwita "Bwana Fundi" tangu wiki ya harusi, siku aliporekebisha mlango wa choo ambao haukuwa mbovu, ukaharibika.

"Bwana Fundi leo hajagusa kitu," angewaambia majirani. "Tunaweza kulala kwa amani."

Kisha ukaja ugonjwa. Misuli ilianza kumlegea Sawae kidogo kidogo, kwanza miguu, halafu mikono. Daktari wa mjini akautaja kwa jina refu ambalo Yasuhara aliliandika kwenye kiganja, na kabla hajafika nyumbani jasho lilikuwa limelifuta. Dawa ya kuuponya haikuwapo. Sawae aliupokea ugonjwa wake kwa mzaha, kama alivyopokea kila kitu, ila jambo moja tu hakulifanyia mzaha.

"Nisikilize, Bwana Fundi," alimwambia siku moja akikunja nguo taratibu. "Siku utakapokaa mbele yangu na kijiko ukanilisha kama kinda, ujue hapo mimi sipo tena. Kabla ya siku hiyo niache nile mwenyewe. Mezani kwangu, kwa mikono yangu."

"Sawa."

"Sema nakuahidi."

"Nakuahidi," akasema Yasuhara, na alimaanisha kwa moyo wote.

Sasa, mwezi wa Aprili mwaka wake wa mwisho kazini, wanafunzi wawili walibaki bila mradi. Mmoja aliitwa Tsukuda Chinami, msichana mwenye maneno mengi na nywele fupi alizokata mwenyewe, tena vibaya. Mwenzake alikuwa Okabayashi Gota, kijana mkubwa wa mwili, asiyefungua kinywa mpaka alazimike. Walikuwa wamepanga kumtengenezea mzee mmoja toroli la shambani, lakini mwanawe alikuja akamhamishia mjini, wakabaki mikono mitupu.

"Nyumbani kwangu kuna mtu ambaye vijiti vya kulia chakula vinamponyoka," akawaambia Yasuhara. "Mtengenezeeni vijiti atakavyoweza kuvishika."

Umesikia hapo? Mtu aliyewafukuza watoto wa watu kwenye theluji wakatazame kwa macho yao, leo amewapa jibu mkononi kabla hawajavua viatu mlangoni. Lakini nani angemlaumu? Alikuwa akiishi na Sawae nyumba moja kwa miaka thelathini na minne. Aliamini ameshamtazama vya kutosha.

Wakatengeneza vijiti. Jozi ya kwanza ilikuwa na springi na pete ya kidole, ya pili ilikuwa nyepesi zaidi, na ya tatu ilikuwa na mpini uliochongwa kwa umbo la kiganja, mzuri hata ukatamani kuutia mfukoni. Kila mara walikwenda nyumbani kwa Mwalimu Jumatano alasiri, wamechana nywele, wamebeba keki kwenye sanduku, na karatasi ya maswali yenye alama moja hadi tano. Sawae aliwapokea amevaa blauzi yake ya bluu. Anakula vipande vitatu vya tofu mbele yao, anafumba macho kama mtu anayeonja asali.

"Loo! Hivi ni vijiti au ni mkono wa tatu? Mmenipa ujana, wanangu."

"Vinashikika vizuri, Mama?"

"Vizuri? Tano."

"Na uzito?"

"Tano. Weka tano zote, usiumize mkono kwa kuandika nyingine."

Chinami alirudi chuoni akirukaruka. Yasuhara akaipokea karatasi, akatazama zile tano zimepangana chini kwa chini, na sitaficha, alifurahi. Aliibandika ukutani. Yeye ambaye hakubandika karatasi ya mwanafunzi yeyote maisha yake yote!

Lakini Sawae alikonda. Aprili alikuwa na kilo arobaini na nne. Kufikia mwisho wa Septemba alikuwa na thelathini na nane, na blauzi ya bluu ilimning'inia mabegani. Jioni anakula vijiko viwili vya supu, anasema ameshiba.

"Mchana umekula?"

"Nimekula mpaka nikaona haya. Vijiti vya watoto wako vitanifanya niwe pipa."

Na Yasuhara akaamini, kwa sababu ukutani kulikuwa na tano.

Siku moja ya Oktoba alisahau kipimo chake nyumbani, kile cha kupimia unene wa chuma, akarudi kukichukua saa sita mchana. Aliingia kwa mlango wa nyuma. Mlango wa jikoni wa kusukuma ulikuwa umeachwa wazi kiasi cha upana wa mkono, na hapo ndipo alipomwona mkewe.

Sawae alikuwa ameketi peke yake mbele ya meza fupi. Bakuli la wali lilikuwa juu ya meza, na yeye ameinamisha uso wake mpaka ndani ya bakuli, anauvuta wali kwa midomo. Sisi kwetu bakuli linainuliwa mkononi. Mtoto akiinamia chakula mezani anachapwa kidole na kuambiwa anakula kama mbwa. Sawae mwenyewe aliwahi kumchapa mpwa wake kwa kosa hilo hilo. Vijiti vya springi vilikuwa ndani ya sanduku lake, havijaguswa. Na milango ya kabati la wahenga, zilimo picha za marehemu wa nyumba, ambayo mchana huwa wazi, alikuwa ameifunga yote miwili, ili mama mkwe aliye kwenye picha asimwone.

Yasuhara alirudi nyuma hatua kwa hatua. Akavaa viatu vya kulia na kushoto kinyume, akakaa ndani ya gari lake mpaka chakula kile kilipokwisha, kisha akaondoka bila kipimo. Alilia? Hakulia. Alipofika karakana aliibandua karatasi ukutani.

"Rudini mwanzo," akawaambia wale wawili.

"Mwanzo?" Chinami akaruka. "Mwalimu, ni tano juu ya tano! Mara tatu!"

"Amewadanganya."

"Mama? Kwa nini atudanganye?"

"Kwa sababu mlikuja na keki," akasema Yasuhara. Halafu, kwa sauti ya chini: "Na kwa sababu mimi ndiye niliyewatuma. Alijua nitafurahi. Jumatano ijayo msibebe karatasi, wala msimwulize kitu. Nendeni mkapike naye, mle, mwoshe vyombo. Mtazame."

Wakaenda. Gota akamenya viazi, Chinami akaungua kidole, jiko likajaa moshi, na Sawae akacheka hadi akashika mbavu. Jumatano ya pili tena. Jumatano ya tatu, wakiwa njiani kurudi chuoni ndani ya gari la Mwalimu, Gota alifungua kinywa.

"Mwalimu, si vijiti."

"Unasemaje?"

"Mkono wa kulia bado una nguvu. Ni wa kushoto. Hajainua bakuli hata mara moja. Ukimpa kitu anasema weka tu hapo. Vijiti vinamponyoka kwa sababu bakuli liko mbali na mdomo."

Gari likasimama kando ya barabara. Yasuhara akawa anatazama mbele tu, mikono kwenye usukani.

"Bibi yangu alikuwa hivyo," akaongeza Gota, akiona aibu kwa kusema mengi. "Tulidhani hana hamu ya kula."

Ile jioni Yasuhara alilichukua bakuli la Sawae, la udongo, lenye mistari ya samawati, akalipeleka karakana akaliweka kwenye mzani. Gramu mia mbili na arobaini likiwa tupu. Likijazwa wali, mia nne na kumi. Miezi sita watoto walikuwa wanatibu mkono mzima, na ule mgonjwa ulikuwa umelala mapajani mwa mwenyewe, mbele ya macho ya mumewe, kila siku, asubuhi na jioni. Roho ilimwuma vibaya sana.

Bakuli la kwanza la mbao walilipeleka Novemba. Sawae alipoliona, uso ukambadilika. Alijua kwamba wamejua. Chinami, masikini, akapiga magoti palepale kwenye mkeka mpaka paji la uso likagusa chini.

"Mama, hatutaki alama. Tunakuomba. Tuambie lina ubaya gani."

Sawae alimtazama mumewe, akamtazama msichana, akavuta pumzi.

"Haya. Kwanza linanuka gundi. Mnataka nile wali au nile kiti?"

Wote wakaangua kicheko, hata Gota, na tangu hapo Sawae akawa mkaguzi mkali kuliko Yasuhara mwenyewe. La kwanza lilikuwa zito. La pili likamkata gumba. "Na huyu aliyechonga ukingo huu ana ugomvi na nani?" La tatu lilikuwa jepesi lakini likateleza, supu ikammwagikia, na Chinami akataka kulia. "Usilie, mwanangu, lia ukikosa mume. Hapa chini tia kitu nishikie." Alikuwa akisubiri Jumatano kama mtoto anavyosubiri sikukuu. Alirudisha hata nusu kilo.

Sampuli ya nne ililetwa tarehe kumi na nane Desemba. Gota alikuwa ameikereza kutoka kwenye mti wa kiri, ule mwepesi wanaotengenezea makabati ya nguo. Gramu sitini na moja. Kwenye kitako alichonga kwa kisu mfuo wa vidole viwili, na aliuchonga akiwa amekaa mbele ya Sawae, anapima kidole chake, anachonga, anapima tena, mchana kutwa. Uzito wote ulikaa kwenye nyama ya kiganja. Mbao ilikuwa tupu, haijapakwa chochote.

Chinami akapakua wali. Sawae akaingiza vidole kwenye mfuo. Mkono wa kushoto ukatetemeka, ukapanda. Ukapanda mpaka kifuani, ukapanda mpaka kidevuni. Akala. Alikaa wima, mgongo umenyooka, milango ya kabati la wahenga iko wazi, na akala bila kumtazama mtu, wali, figili, samaki, wali tena, mpaka chini. Halafu akafanya jambo ambalo Yasuhara hakuwa ameliona kwa mwaka mzima. Alilinyoosha bakuli mbele yake kwa mikono miwili.

"Nyongeza."

Gota ndiye aliyekuwa karibu na wali. Alipakua huku machozi yanamdondoka kwenye mwiko, na Sawae akamwambia asitie chumvi, wali ulikuwa tayari mtamu.

Natamani hadithi iishie hapo. Haikuishia.

Walipomaliza kula, Yasuhara alilichukua bakuli akaligeuza mwangani. Mbao tupu ilikuwa imekunywa mchuzi wa samaki. Doa la kahawia lilikuwa limeanza kuingia kwenye nyuzi za mti. Sasa lazima ujue kwamba baba yake Yasuhara alikuwa fundi wa kupaka laka, ule utomvu wa mti unaong'arisha vyombo, na babu yake pia, na katika nyumba ile hakuwahi kukabidhiwa mtu chombo kisichopakwa. Kumpa mtu mbao mbichi ni sawa na kumpa nguo isiyoshonwa pindo. Mke wake mwenyewe, chombo kama hicho? Hata. Atampa kilichokamilika.

"Limefaulu," akasema. "Sasa nitalipaka laka. Mapako matano."

"Mwalimu," Chinami akasema taratibu, "kwa nini asibaki nalo kwanza? Tutengeneze jingine la kupaka."

"Mfuo huu umechongwa kwa kidole chake. Lingine litachukua mwezi, na maonyesho ni Februari. Tena tazama, limeshaingia doa. Likikaa hivi litaharibika."

"Lakini anakula nalo."

"Tsukuda. Huwezi kumpa mtu kitu ambacho hakijakamilika."

Chinami akamtazama Sawae. Sawae alikuwa analitazama bakuli lililo mkononi mwa mumewe, na alilitazama kitambo. Kisha akatabasamu lile tabasamu la siku za keki.

"Chukueni tu. Mimi sina haraka."

Ilikuwa tano juu ya tano, ile ile. Chinami aliisikia. Gota aliisikia. Yasuhara, mwenye ubao wa maneno matano, hakuisikia.

Laka haikauki juani. Inakauka kwa unyevu, ndani ya kabati lenye vitambaa vilivyolowa, polepole, nayo inaringa, ukiiharakisha inakunjamana. Yasuhara alilifungua kabati la marehemu baba yake lililokaa miaka bila kazi, akapaka pako la kwanza, akasubiri, akasugua kwa mkaa, akapaka la pili. Theluji ikaanguka, mwaka ukageuka. Kila jioni alifungua kabati kutazama ule weusi ukiingia kina, na alikuwa na furaha, ndiyo, furaha tele, kwa kuwa alikuwa akimfanyia mkewe jambo.

"Unakula?" anauliza akinawa mikono.

"Nakula. Wewe maliza bakuli langu."

Alikuwa anakula kwa kuinamia meza, milango ya kabati la wahenga ikiwa imefungwa. Siku nyingine hakula kabisa. Kuinama tena, baada ya kukaa wima na kuomba nyongeza, kulimshinda. Hilo Yasuhara alilijua baadaye, alipokuta mabonge ya wali ndani ya mfuko, yamegandishwa kwenye friji kwa mpangilio mzuri, yameandikwa tarehe. Hakutupa chakula. Sawae hakutupa chakula maisha yake.

Siku ya kumi na tisa ya laka alipata mafua. Siku ya ishirini na mbili yakaingia kifuani, wakampeleka hospitali. Kilo thelathini na nne. Muuguzi alikuwa msichana mdogo, mpole, aliyeanza kazi mwaka huo. Alikuja na uji na kijiko, akaketi mbele yake. Sawae aligeuza uso ukutani. Yasuhara akasimama aseme, nilimwahidi, msimlishe. Lakini muuguzi akawa mwekundu kwa haya, kijiko kimebaki hewani, na Sawae alipoliona hilo aligeuka, akafungua kinywa, akamwokoa mtoto wa watu na aibu.

"Uji mtamu," alisema. "Asante."

Alifariki siku ya tatu, saa nne asubuhi. Daktari alisema ugonjwa wa aina ile hatimaye hugusa mapafu, kwamba ingekuwa baridi hii au ijayo, kwamba hakuna aliyekosea. Yasuhara aliinama kwa shukrani. Hakuamini neno hata moja.

Pako la tano lilikuwa limekauka siku ileile. Alipomfikisha Sawae nyumbani alifungua kabati, akalitoa bakuli. Jeusi, linang'aa, ndani jekundu kama ndani ya tunda, na mfuo wa vidole viwili umelainika. Alipika wali mwenyewe, akaujaza ndani ya bakuli lile, akausimamishia vijiti vyake wima katikati, kama inavyopasa kwa marehemu, akauweka karibu na kichwa cha Sawae.

Siku ya mazishi ndugu walijaa uani. Chinami na Gota walikuja na sare za chuo, wamesimama nyuma kwenye theluji. Jeneza lilipotolewa mlangoni, kaka yake Sawae, mzee Isao, alimgusa Yasuhara bega.

"Bakuli lake, shemeji. Livunje, asije akageuka njiani akarudi."

"Hili."

"Ndilo lake?"

"Ndilo."

Yasuhara alilitupa kwenye jiwe la mlangoni. Lilidunda mara moja, likapaa, likabingirika kwenye theluji mpaka kwenye viatu vya Gota. Halikuwa na hata ufa. Gota aliliokota, akalileta kwa mikono miwili, uso umemvimba. Yasuhara akalitupa tena kwa nguvu zaidi. Likadunda tena. Mtu mmoja nyuma alicheka bila kukusudia, akajiziba mdomo. Na Yasuhara ndipo alipokumbuka. Karatasi ya masharti ya bakuli, mwezi wa Novemba, mstari wa saba, mwandiko wake mwenyewe: likianguka kutoka urefu wa mita moja, lisipasuke. Mti wa kiri, mapako matano. Fundi aliyekaa kazini miaka thelathini na moja, na alisahau kwamba mbao haivunjiki.

"Teiji," mzee Isao alisema kwa upole, "lete lake la zamani."

Akaingia ndani, akalitoa kabatini lile la mistari ya samawati. Akalishika kwa mkono wa kushoto. Sijui kwa nini wa kushoto. Labda wa kulia ulikuwa umeshika bakuli jingine. Alitoka nalo mpaka kizingitini, akasimama, na kila mtu aliona mkono ule unavyoshuka.

"Zito," alisema. "Lo, Sawae. Zito hivi."

Akaliachia. Likavunjika vipande vitatu kwa mlio mdogo. Hapo ndipo Mwalimu Yasuhara alipolia, mbele ya shemeji, majirani na wanafunzi, kwa sauti, kama mtu aliyebanwa kidole mlangoni, na jeneza likamsubiri mpaka alipoweza kutembea.

Maonyesho ya miradi yalifanyika mwisho wa Februari, kwenye ukumbi wa juu. Maprofesa watano mbele, tai zao, peni zao. Yasuhara alikaa nyuma karibu na mlango, amevaa ovaroli. Wengi walidhani hatakuja. Bakuli liliwekwa juu ya kitambaa cheupe, na kando yake sampuli tatu za kwanza, lile linalonuka gundi, lile linalokata, lile linaloteleza. Chinami alieleza vizuri, bila kurukaruka. Alieleza hata habari ya vijiti na tano zake, akasema wazi kwamba walidanganyika kwa kuuliza kabla ya kutazama. Maprofesa wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kisha mmoja wao akainua peni.

"Kazi nzuri. Mtumiaji amelitumia kwa siku ngapi?"

"Siku moja, Profesa."

"Moja? Kwa jaribio la muda huo huwezi kusema lolote. Kwa nini siku moja tu?"

Gota akatazama sakafu.

"Muda haukutosha," akasema Chinami hatimaye. "Ratiba yetu tuliipanga vibaya. Ni kosa letu, tunaomba radhi."

Akainama, na Gota akainama naye.

"Si kweli," sauti ikatoka nyuma.

Vichwa vyote viligeuka. Yasuhara alikuwa amesimama, kofia yake ya kazi mkononi.

"Bakuli lilikuwa likifanya kazi tarehe kumi na nane Desemba, kwenye meza yangu. Alikula, akaomba nyongeza. Tsukuda aliniambia nimwachie. Mimi nililichukua ili nilipendezeshe. Aliishi siku ishirini na tano baada ya hapo, na kila moja ya siku hizo alilihitaji. Wanafunzi hawa hawakukosea ratiba." Aliigeuzageuza kofia. "Nawaomba waandike hivyo kwenye ripoti. Mwanafunzi atakayekuja baada yao aisome."

Yasuhara aliinama, akashuka karakana.

Ripoti ilimfikia wiki iliyofuata, kurasa sitini na mbili, ili aigonge muhuri kabla ya kustaafu. Alisoma kila ukurasa. Aliyoyasema yalikuwa yameandikwa yote kwenye ukurasa wa hamsini na tisa, bila kulainishwa, kama alivyotaka. Na kwenye ukurasa wa mwisho, kwenye jedwali, mwandiko mzito wa Gota ulikuwa umejaza mistari miwili: Muda wa matumizi: mlo mmoja. Maoni ya mtumiaji: aliomba nyongeza.

Mahali pa alama, palipokuwa na moja hadi tano, hawakuandika kitu. Yasuhara alitazama pale patupu kwa muda, kisha akatia muhuri wake kwenye wino mwekundu, akaugonga chini ya ukurasa.